Kiapo cha Mkizi

Ibtihal alimtazama mkizi yule siniani, akajua. Tumbo lilikuwa limevimba, na nyama ya juu haikuwa imeshika chumvi hata kidogo. Miaka yote hii katika maabara ya Mansura, kila sikukuu ya Shamu Nasimu, watu wakishajilia fesikh zao, yeye huletewa mabaki ya sahani za waliolazwa hospitali: hawawezi kufumbua macho, kisha kumeza, kisha kupumua. Na utamwambia nani kwamba samaki ananuka vibaya? Fesikh ni mkizi wa kuvundikwa. Ananuka tangu enzi za Firauni.

"Msile," alisema. "Pipa la samaki hawa lilipunjwa chumvi. Lina sumu."

Mwenye pipa alikuwa Metwalli, mume wa mama yake mdogo, Insaf, na sebule ilijaa majirani. Metwalli akaangua kicheko.

"Msikieni daktari wa vichupa! Babu yangu alitia chumvi kwa kiganja, na hakuzika mtu."

"Baba mdogo, nakusihi."

"Unaniaibisha mbele za wageni? Haya, naapa kwa talaka, utaanza kula wewe! Usipokula, Insaf si mke wangu."

Vicheko vikakatika. Mdomo wa Metwalli ulikuwa mwepesi. Alishaapa hivyo mara mbili, viapo vikavunjika, na sheikh akazihesabu talaka zote mbili. Hii ya tatu haina kurudiana. Ibtihal asipokula, mama mdogo hana nyumba, uzeeni. Akila, atapita njia ile ile ya macho, koo na pumzi anayowafundisha wanafunzi wake kila mwaka. Kusoma kote kule kumbe kumemfikisha hapa, kati ya samaki na ndoa ya mtu. Alitamani kulia.

"Tonge moja tu, mwanangu," jirani alinong'ona. "Usivunje nyumba ya watu."

Alimega kipande. Insaf alikuwa akimtikisia kichwa, macho yamejaa machozi, na kwa machozi yale Ibtihal akadhani anasihiwa ale. Akafungua kinywa.

"Weee!" Insaf alilipiga tonge likaruka. "Nakwambia usile, nawe unapanua mdomo!" Akabeba sinia zima, akalimwaga kwenye takataka. Kisha akamgeukia mumewe. "Hajala, na mashahidi hawa hapa. Siku zote nilikuwa nangoja mtu wa kukukatalia."

Akaingia chumbani, akatoka papo hapo na mkoba uliokuwa umefungwa zamani.

"Twende Mansura, daktari."