Rejeta ya Mmisionari

Mume wangu Eliufoo ni mwinjilisti, mpole mpaka aone aibu. Akiona aibu anakuwa mbogo. Mwaka juzi alimfukuza mchumba wa kwanza wa binti yetu Eva kwa sababu tu mjomba wa kijana alikicheka kiti chetu kibovu. Eva alilia mwezi mzima. Kwa hiyo Jumamosi ile, wazee wa Clemence, mchumba wake mpya, wakiwa njiani kutoka Kihurio kuleta posa, roho yangu haikutulia tangu alfajiri.

Nyumba tunayokaa hapa Chome ilijengwa na mmisionari aliyeogopa baridi. Alivuta maji ya mfereji wa kijiji kwa bomba, akayachemsha jikoni, yakapita kwenye chuma kikubwa ukutani sebuleni ili apate joto. Sisi chuma hicho tunakiita rejeta, maana kinafanana na rejeta ya lori. Jiko lake lilikufa zamani, mabomba yakabaki. Nyuma ya rejeta kulikuwa na doa la unyevu, mara lipo, mara halipo. Tulisingizia ukungu wa mlima Shengena.

Baada ya miaka ya foleni, rangi ilikuwa imerudi madukani Same, na Ijumaa jioni Eliufoo alipanda na kopo lake kwapani.

"Wale watu wa mpunga wa Kihurio," aliniambia, "wasije wakasema huku milimani tunalala pangoni."

Akaigonga rejeta kwa spana, ikalia tupu. Akalegeza nati, halikutoka tone. Akaamua kesho yake tuitoe, tupake rangi, wageni wakute ukuta mpya. Nilimwambia rangi haitakauka. Akasema nina imani haba.

Hatukukumbuka kitu ambacho hata mtoto wa hapa anakijua. Maji ya ndiva, bwawa letu la juu, huenda kwa zamu, na zamu yetu ni Jumamosi. Alfajiri Eva alipanda kuyafungulia maharage maji kama kila Jumamosi, kisha akaenda kwa shangazi yake, kwani msichana hakai nyumbani akiposwa.

Eliufoo alipoitoa nati ya mwisho, bomba lilikohoa, likatema kutu, halafu maji yakaja kwa nguvu. Aliziba kwa kiganja. Rejeta ilikuwa imebaki kwenye ndoano moja, nami nimeiegemeza begani. Ningeiachia ingemvunja mguu.

"Mama Eva, kafunge maji."

"Nitakwendaje, Baba Eva?"

Ukuta ulikuwa umeshachirizika kutu mpaka chini. Siku njema huonekana asubuhi, na hii yetu nilikuwa nimeshaiona.

"Hodi hapa," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa Mzee Anaeli, baba mkubwa wa Clemence, kwa koti na kofia, na mwenzake mmoja. Clemence alikuwa nyuma na kreti ya soda begani, kwani gari lilinasa kwenye tope huko chini. Alibaki uani, kama inavyompasa mchumba. Wazee walimtazama mwenye nyumba amekaa chini kwenye maji mekundu, mkono ukutani. Nikayaona masikio ya Eliufoo yakiiva. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kumzaa Eva. Nikasema moyoni, Mungu wangu, mzee huyu asicheke.

Hakucheka. Alivua kofia.

"Ni zamu yenu leo?"

"Ni yetu," alijibu Eliufoo bila kumtazama.

"Sisi pia tunaishi kwa mfereji. Maji ya mtu hatuyagusi. Useme wewe nani akafunge."

Kwetu zamu haiguswi na mtu wa nje. Anayefungua na kufunga ni mwenye nyumba, mkewe au mtoto wake, na akigusa mwingine ni kesi ya wazee. Eliufoo alikaza kiganja. Maji yalimpenya vidoleni. Hata wangenipokea rejeta, mlima ule ulitaka miguu ya kijana. Bega langu lilikuwa linakufa ganzi, lakini sikuthubutu kumhimiza, kwa kuwa ukimhimiza husema hapana.

"Clemence," akaita hatimaye. "Panda juu ukafunge maji yetu."

Kijana alitua kreti, akakimbia. Mzee Anaeli akavuta kile kiti kibovu, akakaa bila kukaribishwa.

Maji yalipokatika, Clemence alirudi na tope hadi magotini. Tuliishusha rejeta sote. Mzee Anaeli akakohoa ili aanze maneno yake ya posa, aliyoyapanga njia nzima.

"Ya nini tena, mzee?" Eliufoo alisema, akijifuta mikono. "Si ameshafunga maji?"

Wazee wakacheka, na yeye akacheka nao. Mimi nilikwenda jikoni kuchochea moto wa chai, nikalia huko peke yangu. Nilikuwa nimeomba siku hii ifike, nikasahau kujiuliza Jumamosi zijazo nani atapanda kuyafungulia maharage.