Kulala Si Kuchimba

Ruguru alikuwa na miaka themanini na saba na goti moja bovu, lakini asubuhi ile alipanda kutoka kwao Kanja mpaka ukingo wa msitu bila kushikwa mkono. Mjukuu wake Ednah, mwalimu wa darasa la sita, alijaribu kumshika mara mbili, akasukumwa mara mbili. Cucu, kama wajukuu wa huko wanavyomwita bibi, hakuwa anakwenda kutalii. Alikuwa anakwenda kuzuia uongo usiandikwe kwa rangi.

Habari yenyewe ni hii. Tangu Januari, Ednah na kamati ya kumbukumbu walikuwa wakitafuta mahandaki ya wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya kudai uhuru, yaliyochimbwa kando ya ule mtaro mkubwa ambao Mzungu aliuzungusha msituni ili wapiganaji wasiletewe chakula. Ednah alikuwa ameshaingia sita kwa tumbo, tochi mdomoni. Humo alipata makopo yenye kutu, na safari moja alipata nungunungu, akatoka mbio zaidi kuliko alivyoingia. La saba lilikuwa kubwa kuliko yote. Nje yake kamati ilisimamisha kibao, na leo Misheck mchoraji alikuja kuandika kwamba handaki lilichimbwa na baba yake Muchangi. Na mwenyekiti wa kamati ni nani? Muchangi huyohuyo. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake.

Ruguru alitaka jina la Nelius liandikwe. Nelius alikuwa msichana mwenzake, rafiki wa kuni na kisima, na alifia ndani ya shimo hilo akiwa na miaka kumi na sita. Kamati ilikuwa imewahoji wazee wanaume kumi na wanne. Wanawake hawakuulizwa hata saa.

"Cucu, wewe kaa hapa juani," Muchangi alimwambia kwa upole. "Ndani kuna giza."

"Giza la humo nalijua kabla mama yako hajaolewa," Ruguru akajibu, akainama, akapita nyuma ya magugu, na goti lake bovu hivyohivyo. Ednah akamfuata. Muchangi akafuata wa mwisho, na tumbo lake likakwama mlangoni mpaka Misheck akamsukuma kwa nyuma.

Ndani walisimama wakiwa wameinama. Tochi ya Ednah ilionyesha kitanda cha udongo, tundu la taa lenye masizi, na kule nyuma ukuta uliobomoka ukaziba chumba cha pili. Ruguru hakuutazama ukuta ule. Bado.

"Baba alilala hapa," Muchangi alisema, na sauti yake ilikuwa na mapenzi ya kweli. "Alilichimba kwa mikono yake."

"Alilala, sikatai. Tena alikoroma, tukawa tunamtupia vijiti ili homugadi, wale askari wa serikali wa kijijini, wasije wakasikia. Lakini kulala si kuchimba. Hebu niambie, mwanangu, udongo wa shimo hili lote ulienda wapi?"

Muchangi akafikiri. "Waliutupa mtoni."

"Mto uko kule chini, na katikati kulikuwa na kijiji chenye seng'enge na kituo cha homugadi. Wangepita nao wapi, mfukoni?"

Akawatoa nje. Akamwonyesha Ednah tuta la mtaro, mahali lilipoinuka kuliko pengine, akamwambia achimbe kwa fimbo. Juu palikuwa na udongo mwekundu wa kawaida. Chini yake ukatokea udongo wa manjano, uleule wa ndani ya handaki.

"Wanawake ndio waliolazimishwa kuchimba mtaro huu," Ruguru akasema. "Tisa kati yetu tukawa tunachimba na handaki letu, ubavuni mwa mtaro wao. Udongo tuliuweka kwenye vyondo vyetu vya kusuka, tukaumwaga juu ya tuta lao la serikali, kisha tukaufunika kwa ule wao mwekundu. Mzungu akapita akatusifu, eti sehemu yetu ina tuta refu."

Misheck akacheka. Ruguru akangoja amalize.

"Siku moja chumba cha nyuma kikamwangukia Nelius. Tulifukua kwa kucha, tusimfikie. Filimbi ya jioni ikalia, tukatoka tukapanga mstari. Kila asubuhi na kila jioni tulikuwa tukiitwa majina, na anayekosekana anatafutwa mpaka apatikane. Wangemtafuta Nelius, wangelipata handaki, na watu waliokuwa ndani wangenyongwa, pamoja na baba yako. Basi nikaitika mara mbili. Sauti yangu, halafu yake, nikiinama nyuma ya wenzangu. Siku kumi na tisa, mpaka waliokuwa ndani wakahama. Mama yake Nelius alikuwa kwenye mstari huohuo, na hakutoa chozi."

Muchangi alikuwa amekasirika, na mtu aliyekasirika husema asilolipima. "Cucu, kamati haiandiki hadithi. Inataka mashahidi. Hao wanawake wako wapi? Waite, tuone nani ataitika."

Ednah akatoa daftari mfukoni. Majina ya wale wanawake tisa, wote wamekufa isipokuwa cucu, alikuwa ameyaandika njiani, cucu akiyataja kila alipopumzisha goti. Akalifungua, akasoma kwa sauti yake ya darasani.

"Ciakuthii."

"Niko," Ruguru akasema.

Ednah akasoma jina la pili. "Niko." La tatu, la nne, mpaka la saba. Kila jina Ruguru aliliitikia wima, macho kwa Muchangi. Lilipofika lake mwenyewe akaitika vilevile, wala hakulipa uzito zaidi.

"Nelius."

Ruguru akageuka, akautazama mlango wa handaki. "Niko," akaitika, na safari hii ilikuwa sauti nyembamba ya msichana, ambayo Ednah hakuwahi kuisikia maisha yake yote.

Muchangi akavua kofia. Misheck hakumngoja, alichovya brashi yake, akamgeukia Ruguru.

"Nianze na nani, cucu?"

"Anza na Nelius," akasema. "Halafu hao wengine. Baba yake huyu muweke chini kabisa. Andika kwamba alilala vizuri."