Herufi Zilizopigwa Pasi

Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Pasi, na jina alilipenda. Mteja akileta faili lenye fonti saba, rangi za sikukuu na nafasi za kubahatisha, Pasi hakuliingiza hivyo hivyo kwenye programu ya kupangia kurasa. Kwanza alilipitisha notipadi, programu inayofuta mapambo yote, yabaki maandishi matupu, ndipo ayavalishe upya.

"Uchafu wa watu siuingizi nyumbani kwangu," alisema, na wenzake wakacheka.

Kitabu cha dada yake nacho alikipiga pasi. Dada alimuuguza mama yao miaka sita, akamzika, kisha akayaandika yote. Pasi alikipanga kwa siku mbili, akajisifu mpaka kwa mlinzi wa getini.

Wiki moja baada ya ukoo kugawiwa vitabu, dada aliingia ofisini, akatupa nakala mezani.

"Soma ukurasa wa arobaini na moja."

Pasi akasoma kwa sauti: "'Nimekuchoka. Toka mbele yangu, hata uso wako sitaki kuuona.' He! Dada, ulimwambia mama hivi?"

"Na wewe unaniuliza? Mama mdogo kanipigia simu analia. Shangazi hataki hata salamu yangu. Aliyesema ni mama, siku maumivu yalipomzidi! Maneno yake yote niliyaandika kwa herufi za mlazo, zimeinama, yangu yamesimama. Nikaeleza ukurasa wa kwanza. Mlazo uko wapi?"

Maelezo yalikuwepo kweli. Baada ya hapo kitabu kizima kimesimama wima kama askari wa gwaride.

"Huwa nayasafisha, dada..."

"Umekipanga chote, mdogo wangu. Hukusoma hata mstari?"

Utani ukamkauka mdomoni. Akalitafuta faili la dada, akalifungua lilivyokuja. Mlazo huo hapo. Akaanza kusoma. Ukurasa wa tano, mama, kwa herufi zilizoinama: "Mdogo wako kaja?" Wa tisa: "Mdogo wako kaja leo?" Wa kumi na sita, tena.

"Tutachapa upya," alisema bila kuinua macho.

"Na waliokwisha kunisoma, nao utawachapa upya?"

Dada akavuta kiti, akakaa.

"Umefika wapi?"

"Ishirini na mbili."

"Endelea. Anakuulizia mpaka wa mwisho."