Mizizi Miwili na Mluzi Wangu

Meno yangu mawili ya mbele, ya juu, yalikatika zamani. Mizizi ikabaki ufizini ikioza taratibu, na kila neno lenye "s" likawa linanitoka na mluzi. Wajukuu wananiita Filimbi. Niliwaacha, maana mluzi ule una kazi: mume wangu haoni tena, na kumbukumbu nayo imeanza kumpiga chenga. Juzi alimsalimia ndugu yake akidhani ni muuza maziwa. Mimi hajanikosea hata siku moja. Nikisema tu "salama", uso wake unageuka.

Sasa ufizi ukavimba, ukatunga usaha. Daktari wa meno, binti mwenye mikono ya baridi, akatazama picha akasema mizizi itolewe kwa upasuaji.

"Fungua mdomo, bibi."

"Ajabu! Wenzako wote huniomba niufunge."

Akacheka, akanichoma ganzi. Akachana ufizi, akakata mzizi wa kwanza vipande na kuving'oa kimoja kimoja. Maumivu hayakuwepo, ila mkwaruzo tu, kana kwamba mtu anakwangua ukoko wa sufuria ndani ya kichwa changu. Nami nawaza: mizizi ikitoka, mluzi nao utatoka; nikifika nyumbani nikaonekana mgeni, nitajitambulisha kwa sauti ya nani? Mzizi wa pili ukagoma. Nikauombea uzidi kugoma.

Haukufua dafu. Daktari akashona, akanipa pamba niing'ate. "Leo usiongee, bibi." Jibu nilikuwa nalo, ila pamba ilinikalia mdomoni.

Nyumbani nikaitoa mlangoni. "Salama, mzee wangu?"

Sauti ilitoka bapa, haina mluzi. Uso wake haukugeuka.

"Nani wewe?"

"Ni mimi."

"Mke wangu kaenda kutolewa mizizi ya meno," akasema polepole. "Kama una maneno matamu, ingia haraka kabla hajarudi."

Nikasimama, sijui ananitania au kweli amenipoteza. Kisha nikaona matone ya uji sakafuni, kutoka jikoni mpaka mezani. Bakuli limefunikwa kwa sahani, kijiko cha chai pembeni. Nikagusa uji: umepoa.

"Mgeni gani huyo unayempoozea uji?"

"Kibogoyo mmoja. Anaburuta viatu, nimemsikia tangu nje. Kaa ule. Daktari hakukukataza kuongea?"

Nikala kimya. Baada ya kitambo akauliza, "Bado upo?" Nikagonga bakuli kwa kijiko, mara moja.

Uso wake ukageuka.