Fundi Saa Chini ya Meza

Fundi saa alikuwa na kanuni moja maishani: kitu kikizubaa, kifungue, toa vyote vilivyomo, safisha, rudisha. Saa za mtaa mzima zilikuwa shahidi wake. Kwa hiyo kompyuta ya mkewe ilipoanza kusinzia, hakuuliza mtu. Alisoma kwenye simu kwamba Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, huzifanya hata kompyuta kongwe zikimbie, akafuta kila kitu na kuiweka. Kompyuta ikawaka upesi mpaka yeye mwenyewe akashangaa. Alijipiga kifua mbele ya mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa nao. Mama mkwe akasema, "Haya," kisha akaendelea kukunja nguo.

Asubuhi iliyofuata mkewe, mkunga wa siku nyingi, alikuwa na usaili wa kazi ya kufundisha wakunga. Wasaili walikuwa mji mwingine na wangeonana naye kwenye skrini. Kazi hiyo aliitamani kwa moyo wote, tangu magoti yalipoanza kumgomea zamu za usiku. Alivaa gauni lake la kijani, akaketi, akabonyeza palipokuwa na alama ya waifai. Hapakuwa na alama yoyote.

"Baba watoto, waifai iko wapi?"

"Inakuja," alijibu fundi, kana kwamba ilikuwa imetumwa dukani.

Haikuja. Fundi alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akanakili amri moja baada ya nyingine kutoka kwenye simu yake. Kompyuta ilimjibu kama karani anayetaka kufunga ofisi: hakuna kifaa hicho. Kifaa kilikuwemo. Kilichokosekana ni programu ndogo ya kukiendesha, na programu hiyo hupatikana mtandaoni. Yaani ili apate mtandao, alihitaji mtandao.

Hapo fundi akatabasamu, maana hilo alikuwa ameliona mapema. Kama anavyotenga kisahani cha skrubu kabla ya kufungua saa, jana alikuwa ameipakua programu hiyo na kuihifadhi mahali salama. Alipakumbuka mahali penyewe, na tabasamu likamkauka. Alikuwa ameihifadhi ndani ya kompyuta hiyohiyo, kabla hajaifuta. Fundi mzima, mwenye kioo chake cha kukuzia na sifa zake zote, alikuwa ameweka kisahani ndani ya saa.

"Nimekuharibia," alisema.

"Utanililia baadaye. Tafuta njia."

Kulikuwa na njia: kuunganisha simu kwa waya na kuazima mtandao wake. Lakini tundu la simu ya fundi lilikataa waya tangu alipolisafisha kwa sindano. Ya mkewe ilikuwa kwenye kibanda cha saa cha fundi, imefunguliwa kwa usafi uleule. Simu nzima iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mama mkwe, ambaye alikuwa amekataa katakata kusafishiwa.

Fundi alipiga hodi, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona tumeshaamkiana?"

"Naomba simu yako, mama. Na waya wake."

"Unataka kuifungua?"

"Hapana, mama. Sitaigusa hata kifuniko."

Mama mkwe alimtazama, akamtazama bintiye aliyekaa wima mbele ya skrini tupu, akaitoa simu chini ya mto. Fundi aliichomeka kwenye sanduku la kompyuta chini ya meza, na Linux ikaitambua bila kupewa amri hata moja. Nyuso za wasaili zikatokea. Fundi akaachia waya apumue, nyuso zikaganda. Tundu lilikuwa limelegea. Alipoukandamiza waya, zikaendelea. Basi akabaki humohumo chini ya meza, magoti yakiwa karibu na masikio, anakandamiza.

Kutoka huko alimsikia mkewe akieleza kazi yake kwa utulivu ambao hakuwahi kuusikia nyumbani, na akaona haya kwamba alikuwa karibu kumnyima yote hayo.

"Swali la mwisho," alisema mwenyekiti. "Vifaa vikigoma katikati ya kazi, mkunga afanye nini?"

Mguu wa mkewe ulimgusa fundi begani.

"Kwanza, yule anayehangaika kuliko wote ampe kitu cha kushika, asije akaharibu kingine. Kisha aendelee na kilichopo."

Wasaili walicheka. "Inaonekana umeshayapitia."

"Nayapitia sasa hivi," alisema mkunga.

Kicheko kilipotulia, mwenyekiti akauliza angeweza kuanza lini. Fundi alitaka kuruka, kushangilia, kumkumbatia mkewe na hata mama mkwe. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na pua ilimwasha. Aliukandamiza waya, na kwa mara ya kwanza tangu jana hakugusa kitu kingine.