Saa ya Meli na Saa ya Simu

Nawaandikia kina mama wenzangu wa kanisani, hasa nyie mliobandika tangazo la meli kwenye friji. Nimeishia darasa la sita, mtanivumilia. Lakini someni mpaka mwisho kabla hamjalipa.

Mimi ndege sikuwa napanda. Binti yangu Corinne anaishi Lisbon na mumewe Duarte, na mtoto wao wa kwanza alitarajiwa tarehe nane Mei. Corinne mwenyewe nilimzaa peke yangu, mama yangu yuko shambani anachuma machungwa, nikaapa mwanangu hatazaa bila mimi. Ndipo wifi yangu Wynelle, dada wa marehemu mume wangu, akaniambia kuna meli za utalii ambazo kila mwezi wa nne huhama Florida kwenda Ulaya.

"Siku kumi na tatu. Unakula, unalala, unaamka umefika," akasema. "Hata kuku wangu wangeweza."

Tungefika Lisbon tarehe ishirini na saba Aprili. Siku kumi na moja za kusubiri. Nikaona zinatosha.

Kilichonivuruga ni saa. Meli ikielekea mashariki, saa inasogezwa mbele. Nahodha anatangaza kwenye kipaza sauti: sasa ni saa sita mchana, kuanzia sasa ni saa saba. Alifanya hivyo mara tano kabla hatujaona nchi kavu, na mara tatu kati ya hizo nilikuwa nimesinzia. Mkononi nilivaa saa ya marehemu, na sikuigusa, nijue nyumbani Plant City ni saa ngapi. Basi nafika mezani, chakula kimeondolewa. Siku moja nilimeza kidonge cha presha mara mbili, au sikumeza kabisa, mpaka leo sijui.

"Verlene, hiyo saa itupe baharini," Wynelle akanicheka. "Saa ni ya meli tu!"

"Kwani na jua ni la meli?"

"Humu ndani, ndiyo."

Tarehe ishirini na tano tukafunga gati Ponta Delgada, kwenye visiwa vya Azori. Mlangoni wameandika: wote muwe ndani saa kumi kamili. Wynelle goti linamuuma, akabaki. Nikashuka kwenye mkahawa karibu na gati nimpigie Corinne, maana mtandao wa melini ni ghali. Simu ikajiweka saa yenyewe. Nikafurahi, nikadhani hatimaye nimepata saa ya kweli. Sikujua meli ilishaweka saa ya Lisbon, na kisiwa kiko nyuma yake kwa saa nzima.

Corinne akapokea anahema.

"Mbona unapumua hivyo?"

"Chupa imepasuka, Mama. Tuko hospitali."

"Lakini bado siku kumi na tatu!"

"Mwambie mtoto, usiniambie mimi! Duarte ananisugua mgongo kama anaosha gari."

Nikakaa naye kwenye simu, uchungu ukija tunahesabu pamoja. Simu ilipoonyesha saa tisa na robo nikamuaga, nikarudi taratibu. Ngazi ya meli ilikuwa imeshavutwa. Watu wamejaa kwenye roshani, glasi mkononi, wanapiga makofi. Ndio mchezo wao, kutazama waliochelewa wakikimbia.

"Kimbia, bibi, kimbia!"

Nikageuka nione ni bibi gani. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Simu inasema saa tisa na dakika ishirini na tano. Nikaiangalia saa ya marehemu, nayo inasema yake.

"Verleeene!" Wynelle akapiga kelele kutoka juu. "Saa ya meli!"

Meli ikaondoka. Wakala wao wa bandarini akanipa bahasha: pasipoti yangu na vidonge, walivyovitoa chumbani baada ya kuona sijarudi. Akasema meli inafika Lisbon keshokutwa, ila kuna ndege saa kumi na mbili jioni ile ile.

"Sipandi ndege."

"Basi, mama, kuna kuogelea. Kilomita elfu moja na mia tano."

Nikapanda. Nilimshika mkono wa shati baba mmoja nisiyemjua tangu kuruka mpaka kutua. Na Corinne nilimshika mkono mpaka saa kumi alfajiri, akazaliwa binti, Beatriz.

Msije mkasema basi ni vizuri kuachwa. Kama uchungu usingeanza, nisingekaa sana mkahawani, na kama nisingekaa ningekuwa baharini mtoto anazaliwa. Nalifikiria hili mpaka kichwa kinauma. Nyie mkishuka, muulizeni mfanyakazi wa mlangoni: humu ni saa ngapi? Mwandike kwenye kiganja kwa kalamu.

Wynelle akaja na mizigo yangu na Biblia ya familia, ile tunayoandika kila anayezaliwa, siku na saa. Corinne anataka tarehe ishirini na sita. Plant City ilikuwa bado saa tano usiku wa tarehe ishirini na tano, na ndugu wa kule wameshamtangaza kwa tarehe hiyo.

"Nimezaa hapa, Mama. Andika saa ya hapa."

Nimeandika jina. Hayo mengine bado sijaandika.