Koti la Papa Gérard

Alhamisi, alipokwisha kuuza sambaza wake, Bibiane alinawa mikono kwa ndimu mpaka harufu ya samaki ikatoka, akafunga kikwembe chake cha kutokea, kisha akatungua koti la mumewe kwenye msumari nyuma ya mlango. Lilikuwa koti la rangi ya kahawa, la vifungo viwili, alilolishonesha Gérard mwaka ule alipofanywa prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, pale Kadutu mjini Bukavu. Bibiane alilipangusa mabega kwa kiganja, akalilaza mkononi.

Gérard alikuwa sebuleni anasahihisha makaratasi ya wanafunzi. Hakuinua macho.

"Unabeba tena veste yangu?"

"Niko nabeba. Ama leo unakuya mwenyewe, Papa Gloire?" akauliza Bibiane, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mambo ya kundi ni ya bamama," akasema Gérard, akavuta alama nyekundu chini ya jibu la mtu. "Unisalimie tu batu."

Bibiane akashuka mtelemko kwenda sali, ukumbi wa parokia. Alikuwa amekwisha kuzoea jibu lile, lakini liliendelea kumuuma, na asikudanganye mtu kwamba kinachozoeleka hakiumi.

Kundi lenyewe lilikuwa la watu wenye virusi vya ukimwi. Walikuwa wamechoka kupanga mstari hospitalini kuanzia asubuhi, wakakubaliana mmoja wao aende kuwachukulia wote dawa, kisha wakutane, wagawane, wapimane uzito, waulizane nani hapati usingizi na nani dawa zinamchafua tumbo. Ni jambo jepesi, ukilifikiria. Wanawake walikuja wote. Wanaume waliandikishwa vilevile, kwa kuwa ugonjwa ule hauulizi mtu kama anafuga ndevu, lakini wao dawa zao zilipanda mtelemko zimefichwa chini ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, ndani ya vikapu vya wake zao. Maman Eulalie, aliyekuwa akiongoza kundi, alipanga viti vya plastiki kwa wote walioandikishwa, wake kwa waume, na kila Alhamisi safu nzima ya upande wa dirisha ilibaki tupu.

Bibiane hakuweza kukivumilia kiti kitupu kilichokuwa kuume kwake. Kanisani, mume akichelewa misa, mke humwekea nafasi: anaweka kitambaa au koti juu ya benchi, na hakuna mkristo atakayekalia. Basi naye akafanya hivyohivyo. Akaliweka koti la Gérard kwenye mgongo wa kiti, akavuta kola ikae vizuri, akatulia.

Mwanzoni koti lilining'inia tu, kama makoti yote. Baadaye mabega yakajaa, kifua kikatuna kidogo, mikono ikalala juu ya mapaja yasiyokuwapo. Siku moja Maman Eulalie alipoita jina la Gérard, mkono wa kulia wa koti ukanyanyuka.

"Aksanti, Papa," akasema Maman Eulalie, akaita jina lililofuata.

Hakuna aliyelifanya jambo lile kuwa habari. Noëlla, jirani yao, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu abatizwe, alisema tu, "Papa Gérard, sogeza mukono, niko napita," na mkono ukasogea. Mkutano uliofuata Noëlla naye alikuja na koti la mumewe, dereva wa taksi, jeusi lenye mfuko uliopasuka. Wengine wakafuata. Safu ya dirishani ikajaa makoti, yamekaa wima, yanasikiliza, na kusema kweli yalisikiliza vizuri kuliko wanawake, ambao walikuwa wakipiga soga.

Koti la Gérard lilikuwa na adabu. Noëlla akitoa mzaha wake wa hovyo, lilicheka kwa mabega. Mtu akilia, liliinamisha kola. Lilipimwa kwenye mizani kama wanakundi wote, na lilikuwa likinenepa. Bibiane ilimbidi asogeze vifungo.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo mvua ilipiga mabati kiasi kwamba kila mtu aliweza kusema bila kusikiwa barabarani, na Bibiane akasema. Akasema kwamba tangu siku walipopewa majibu, yeye na mumewe wanalala na mto katikati. Kwamba hajui nani kati yao aliyeuleta ugonjwa nyumbani, na hataki tena kujua, ingawa mwanzoni alitaka sana. Kwamba zamani Gérard alikuwa akirudi shuleni anamsimulia siku yake yote, mpaka majina ya waliochelewa, na yeye akipara samaki akimcheka. Sasa anamsalimia kama mtu aliyekuja kupima umeme. "Mutu iko ndani ya nyumba yangu," akasema, "na miye niko namukumbuka kama aliendaka mbali."

Koti likanyanyua mkono, likamzungushia mabegani. Lilikuwa na harufu ya chaki na ya sabuni ya Gérard, na lilikuwa na joto. Bibiane aliegemea pale, akalia mpaka akatosheka, kisha akachukua dawa zake na za mumewe, akapita sokoni kununua sombe.

Nyumbani Gérard alimeza dawa siku alizoweza. Akiwapo mgeni, hakumeza. Walimu wenzake wakija kumtembelea, kopo la dawa lilihamia chini ya godoro na kusahaulika huko. Alikuwa akikonda. Shati lilimpwaya shingoni, na alipokohoa usiku Bibiane aliuona mto ukitikisika. Alimwomba ameze, akamkasirikia, akamwomba tena. Gérard alijibu kwamba yeye si mtoto.

Mara moja kwa mwaka, wanakundi walitolewa damu, ili hospitali ijue kama dawa zinamshinda adui au mtu anahitaji nyingine. Safari hii alikuja muuguzi anayeitwa Chrispin, kijana mpole, na sanduku lake la barafu. Alianza na wanawake. Akafika safu ya dirishani. Alikunja kwa heshima mkono wa koti la Gérard mpaka kwenye kiwiko, akafunga mpira, akapapasa, akapiga kwa vidole viwili, akatafuta na kwenye mkono wa pili. Akanyoosha mgongo.

"Papa huyu ananipendeza," akasema. "Uzito iko, anahuzuria vizuri. Ni damu tu njo anakosa. Damu lazima itoke kwa mwenyewe."

"Docta, ungojee kidogo," akasema Bibiane.

"Nitangoja mpaka banifungie mulango, maman."

Bibiane akapanda mtelemko mbio, mwanamke wa umri wake, viatu mkononi. Alimkuta Gérard palepale, makaratasi yamemlala kifuani. Alipiga magoti mbele yake, si kwa mila, ni mbio tu zilizomwangusha.

"Papa Gloire, ile veste haina damu. Docta iko nakungojea. Sikuombe juu ya kundi, niko nakuomba juu yangu miye. Nimechoka kukaa na veste."

Gérard aliyatoa makaratasi kifuani. Halafu akainuka, akanawa uso, akavaa shati jeupe, akapangusa viatu. Akaenda nyuma ya mlango, akauona msumari mtupu.

"Veste yangu iko wapi?"

"Iko kule, kwa kiti yako."

Akatoka hivyohivyo. Walishuka pamoja, bega kwa bega, Gérard akisimama kila baada ya nyumba chache kuvuta pumzi na kujifanya anatazama ziwa. Bibiane hakumharakisha. Moyo ulikuwa ukimdunda kama msichana anayepelekwa kutambulishwa. Wakakata kona, sali ikaonekana, na kwenye kibanda cha mkabala wanapouza mega, bando za simu, Gérard akasimama.

"Siwezi kuingia mbele ya bamama na chemise tupu," akasema, akivuta shati lake kifuani. "Miye ni prefe. Uniletee veste."

Bibiane hakubishana. Mwanamume wa Bukavu hata kwenye kilio cha jirani hatoki bila koti. Ndivyo walivyolelewa, na wamewalea wengine vivyo hivyo. Akaingia. Koti lilikuwa zito sasa. Ilibidi Noëlla amsaidie, mmoja akishika mabega na mwingine upindo, wakalitoa nje wanahema. Wakamvika.

Mabega ya koti yalishuka chini ya mabega ya Gérard. Mikono ilifunika vidole. Alifunga kifungo, na ndani pakabaki nafasi ya mtu mwingine.

"Hii haiko yangu."

"Ni yako, Papa Gloire. Angalia kifungo, miye njo nilishona."

"Hii ni ya mutu wa afya."

Mlango wa sali ulikuwa wazi. Ndani, wanawake walikuwa wamegeuka wote, Noëlla amekwisha kurudi kupangusa kiti, na Maman Eulalie amesimama anasema, "Karibu, Papa Gérard, karibu sana." Gérard akavuka barabara. Akashika mwimo wa mlango. Alitaka kuingia, Mungu shahidi, kila mtu aliona alivyotaka; alitazama kile kiti kama mtu anavyotazama nyumba walimozaliwa ndugu zake wote. Safu ya makoti ilimnyanyulia mikono kumsalimu. Akayatambua. Lile jeusi lenye mfuko uliopasuka ni la dereva anayempandisha shuleni. Lile la mistari ni la mzee wa baraza la parokia. Mwalimu wa hesabu wa shuleni kwake alikuwa hapo, vifungo vyote vimefungwa. Gérard akaona kwamba, kama yeye alivyowajua kwa makoti yao, na wao siku moja wangemtambua yeye. Akalivua koti, akalikunja vizuri, mikono ndani, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili.

"Unisalimie batu," akasema.

Akapanda mtelemko polepole, shati jeupe likionekana mpaka kona ya mwisho. Chrispin akafunga sanduku lake.

Gérard alikufa mvua za Machi zilipoanza. Alizikwa ndani ya suti ya kaka yake aliyekuja kutoka Katana, kwa sababu koti lake lisingemkaa. Ilitangazwa kwamba ni ugonjwa mfupi. Wanaume wa kundi walikuja wote kumzika, dereva, mzee wa baraza, mwalimu wa hesabu, kila mmoja na koti lake, wakasimama mstari mmoja kaburini, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Alhamisi iliyofuata Bibiane aliliacha koti msumarini akaenda peke yake. Alipoingia akalikuta limetangulia, limekaa kwenye kiti chake, mabega yamejaa. Maman Eulalie alikuwa amekwisha kuliamkia.

Siku hiyo alikuja mama mmoja wa shirika linalosaidia makundi, kutoka Ibanda. Alizunguka sali, akahesabu safu ya dirishani kwa kidole, akarudia kuhesabu, akafurahi kwelikweli.

"Mahali pengine banaume habakuyake kabisa. Hapa mulifanya namna gani?"

"Tuliomba bake zao," akasema Maman Eulalie.

Mgeni akapiga picha, akaomba waliokaa nyuma wasimame wapate kuonekana. Makoti yakasimama. Kisha mkutano ukaendelea, watu wakapimwa, dawa zikagawanywa. Jina la Gérard lilipoitwa, mkono ukanyanyuka, na kwa kuwa hakukuwa na kopo la kumpa, Maman Eulalie akaushika mkono ule kidogo, akauachia.

Bibiane aliegemea bega la koti. Lilikuwa na joto lilelile, na chaki. Alitamani lizungumze, lau neno moja, hata majina ya waliochelewa. Koti lilimzungushia mkono, likanyamaza, kama lilivyonyamaza siku zote. Alikuwa mjane anayebembelezwa na mume ambaye hakuwahi kuja. Alikaa hivyo mpaka Noëlla alipomgusa goti akimwambia waondoke, soko linafungwa na yeye hajanunua sombe ya kufichia dawa za bwana yake.